Nimeachiwa nini leo: shajara ya fildi, kituo cha maziwa Tanga

Jumapili usiku kabla ya kuanza, Makorora

Naandika hii kwa sababu ya dada yangu. Dada kamaliza chuo mwaka juzi, GPA nzuri tu, cheti kipo kwenye bahasha juu ya kabati. Akaitwa usaili na kampuni moja Dar, akapanda basi pale Kange alfajiri na suti ya kuazima, maswali ya darasani anasema alijibu yote, afu mama mmoja kati ya wale wasaili akamuuliza tu hivi: tuambie siku uliyoharibu kazi, ukafanyaje? Dada kimya. Anasema alitafuta kosa kichwani hakulipata, maana kazi ya kukosea hakuwahi kupewa. Fildi yake, yale mafunzo ya vitendo ya chuo, aliifanya ofisi moja hapahapa mjini, miezi miwili anapandisha mafaili ghorofani na kutoa kopi, logibuku (daftari la chuo la kuandika kazi ulizofanya) ikajaa maneno matamu na mhuri juu. Sasa hivi kaomba ile nafasi ya mafunzo kazini kupitia TaESA, wale wa huduma za ajira wa serikali wanaowapeleka wahitimu kwenye taasisi, anasubiri.

Mi niko mwaka wa pili, nasoma sayansi ya chakula Morogoro. Likizo hii nina wiki nane za fildi nyumbani, kituo cha kukusanyia maziwa njia ya Pongwe. Jina lake nakaa nalo, mtaona kwa nini. Mradi wangu ni mdogo: logibuku ya chuo ntaijaza kama inavyotakiwa, ila kwenye daftari langu kila jioni mstari mmoja, *leo nimeachiwa nini*. Yaani kitu ambacho mtu kanipa akageuka akaenda zake, hakubaki kunichungulia. Kama hakuna naandika sifuri.

Wiki ya 1

Sifuri, sifuri, sifuri, ufagio, sifuri, sifuri.

Ufagio msiucheke. Sakafu ya mapokezi maziwa yakimwagika yakikaa nusu saa kwenye joto la hapa, nzi wanakuja na ukoo wao wote.

Kazi yenyewe iko hivi. Saa kumi na mbili asubuhi wafugaji wanaanza kuingia, baiskeli, bodaboda, wengine kwa miguu na keni kichwani. Wengi wana ng'ombe wawili watatu chotara, nyuma ya nyumba tu, wengine walianza na zile za kopa ng'ombe lipa ng'ombe, unapewa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, akizaa unatoa ndama jike kwa mwenzako. Keni za alumini ndo zinapokelewa, ukija na dumu la plastiki unarudishwa maana zile kona za ndani hazisafishiki. Dada wa maabara (yeye na meza moja na beseni, ila maabara ni maabara) anafunua kifuniko, ananusa, anaangalia rangi, anachota kidogo anachanganya na alkoholi ya asilimia 70 kiasi sawa kwa sawa, yakikatika mabonge basi yameanza kuchachuka, au ni dang'a ya ng'ombe aliyezaa juzi, au kiwele kinaumwa. Afu laktomita, ile ya kuelea, ya kuangalia kama mtu kaongeza maji. Yakipita yanapimwa mizani, yanaandikwa daftari, yanamiminwa kwenye tangi yapoe mpaka digrii nne. Mchana gari linakuja kunyonya.

Haya yote nimesoma darasani. Nilikaa pembeni nikijiambia mbona nayajua. Dada wa maabara hata jina hajaniuliza, ananiita "wa chuo".

Wiki ya 2

Jumatatu: kuandika daftari, yeye anataja mi naandika. Siyo kuachiwa. Sifuri.

Jumatano: nimeachiwa simu ya kituo. Mtaona ni kitu kidogo, mi nilitetemeka. Mfugaji anapiga anauliza malipo ya nusu mwezi yanaingia lini, sijui, nikasema "nadhani kesho". Kesho haikuingia, watu sita wakaja wananitafuta mimi kwa sura. Meneja hakugomba, alisema tu, "Binti, hapa hakuna nadhani. Sema nitakuuliza nikupigie, afu upige kweli." Toka siku hiyo naandika jina na namba kwenye karatasi, nikishapiga nafuta. Nilidhani najua kuongea na simu jamani, niko nayo mkononi toka kidato cha nne.

Ijumaa: sifuri, ila dada wa maabara kaniita mdogo wangu.

Wiki ya 3, Jumanne. Ndefu hii

Nimeachiwa mapokezi yote. Dada wa maabara mtoto wake kaamka na homa, kapiga simu saa kumi na moja na nusu, meneja kaniangalia kaniambia kaa hapo. Nikavaa koti jeupe nikajiona profesa.

Watu ishirini hivi vizuri tu. Akaja mzee mmoja wa baiskeli ya Phoenix, huyu anaishi karibu na kituo, huwa hachelewi wala hasemi sana. Keni yake lita kumi na mbili. Harufu safi, alkoholi safi, nikazamisha laktomita, ikasoma 26. Kituoni kwetu ikisoma chini ya 28 hatupokei. Nikaitoa, nikaikausha, nikarudia, 26.

Nyuma kuna foleni, watu wanachungulia. Nikasema, na nilisema kwa sauti kabisa, "Mzee haya yana maji, hatupokei."

Foleni ikanyamaza. Mzee akanitazama, akasema taratibu, "Mwanangu, mi naleta maziwa kabla mamako hajaolewa." Akafunika keni yake, akaifunga na mpira kwenye kerieri, akaondoka anaikokota baiskeli hakupanda. Kilichobaki ni kile kikombe cha sampuli mezani, nikakisogeza pembeni nikaendelea na wengine.

Saa nne dada kaja mbio, mtoto yuko na bibi yake. Kaona kikombe, kauliza cha nani, nikamweleza najisifu kidogo. Akaniuliza yalikuwa na joto gani. Nikasema joto? Akakiweka kile kikombe kwenye beseni la maji ya baridi mpaka kikapoa vizuri, afu akazamisha laktomita. Ikasoma 28 na chembe.

Nataka niliandike vizuri hili. Laktomita imetengenezwa kwa maziwa ya digrii 20. Maziwa yakiwa ya moto yanakuwa mepesi, kipimo kinazama zaidi, kinasoma chini, kwahiyo kila digrii moja juu ya 20 unaongeza 0.2. Ya mzee yametoka kwa ng'ombe muda si mrefu, anaishi jirani, digrii kama 31 hivi. Kumi na moja mara 0.2 ni 2.2, jumlisha 26, unapata 28.2. Yamepita. Hili swali nililikuta kwenye mtihani semesta ya pili, nikalipata, alama zote!

Na dada kila siku alikuwa anaweka kikombe kwenye beseni la maji kabla ya kupima, wiki mbili namwona kwa macho yangu, nikadhani anasuuza kikombe.

Meneja kasema nenda kwake. Sio piga simu, nenda. Nilienda na dada mpaka kona ya mwembe, akasema kuanzia hapa peke yako. Mzee alikuwa anakata majani ya tembo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kusimama. Nikamwambia baba nilikosea, maziwa yako mazima, nilisahau kuhesabu joto, na nilikusema mbele za watu. Aliendelea kukata. Baadaye akauliza, "Na kesho utasema nini mbele za watu?" Nikasema ntasema hivihivi. Maziwa yenyewe walishamwaga robo, mengine mkewe kagandisha mtindi.

Jumatano asubuhi nikasema mbele ya foleni. Sauti ilinikauka katikati, nikameza mate nikaendelea. Mzee akaweka keni yake juu ya meza kama siku zote.

Jioni nikamsomea dada yangu. Akacheka mpaka machozi, akasema wewe umeshapata lako, niazime.

Wiki ya 4

Nimeachiwa: mapokezi (mara mbili), daftari, funguo ya stoo.

Na Ekseli. Meneja anajumlisha malipo ya wafugaji kwa kalkuleta usiku kucha kila nusu mwezi, nikamwambia naweza kuiingiza kwenye kompyuta, akanipa madaftari ya miezi sita ndani ya mfuko wa rambo. Hapa najisema ukweli, Ekseli nilikuwa naijua ya kutengeneza jedwali la rangi nzuri. Kuunganisha jina la mfugaji na lita zake za siku kumi na tano wakati mtu mmoja kaandikwa kwa majina matatu tofauti, mara jina lake, mara Baba fulani, mara "yule wa Kichangani", hiyo sikufundishwa popote. Nilikaa na dada wa maabara mchana kutwa ananitajia nani ni nani.

Kuna maneno kituoni kwamba maziwa yanaibiwa. Daftari linasema hiki, tangi linasema pungufu. Mlinzi wa usiku kashakatwa mshahara mara moja. Dereva wa gari naye haongei na meneja.

Jumapili, Raskazone

Nimekaa ufukweni na rafiki yangu wa utotoni tunakula muhogo wa kukaanga na pilipili, yeye yuko fildi kwa wakala mmoja wa forodha anashinda bandarini. Mnajua zamani meli hapa Tanga zilikuwa zinatia nanga huko mbali, kilomita 1.7, mzigo unashushwa kwenye matishari ndo uletwe nchi kavu, sasa wamechimba kina gati mbili zile za jumla ya mita 450 mpaka mita 13, meli inafunga palepale. Yeye kajifunza kazi ya tali, kusimama na karatasi kuhesabu magunia. Anasema wanahesabu wawili, wa upande wa meli na wa upande wa nchi kavu, mwisho wa zamu wanalinganisha, na mkubwa wake akamwambia hesabu mbili kutofautiana siyo habari, habari ni *zinavyotofautiana*. Zikiachana leo 3 kesho 40, kuna mtu. Zikiachana kila siku kiasi kilekile, kuna kipimo.

Nikaacha muhogo. Nikamwambia rudia.

Wiki ya 5

Supavaiza wa chuo alikuja Jumatatu, kauliza maswali mazuri, kasaini. Haraka haraka.

Usiku wote uliobaki nimekaa na madaftari. Daftari la mapokezi upande mmoja, vipimo vya kijiti cha tangi upande wa pili, siku baada ya siku. Siku ya lita 842, tangi 815. Siku ya 760, tangi 738. Siku ya 905, tangi 879. Maziwa yakiwa mengi "wizi" unakuwa mkubwa, yakipungua unapungua, siku zote kama asilimia tatu. Sasa mwizi gani huyo anaiba kwa asilimia? Anakaa gizani na kalkuleta?

Nikarudi nyuma mpaka mwezi wa tatu. Kabla ya hapo upotevu ni lita tatu nne kwa mwezi, makombo ya kwenye ndoo. Kuanzia tarehe 11 mwezi wa tatu unaruka. Nikamuuliza dada tarehe hiyo kulitokea nini. Akafikiria, akasema si ndo tulileta mizani mpya.

Zamani walipima kwa jagi la lita. Mizani inapima kilo. Wakaendelea kuandika namba ileile kwenye kolamu ileile iliyoandikwa *lita*. Na maziwa ni mazito kuliko maji, lita moja ni kama kilo 1.03, laktomita ndo hilohilo inalopima, ile 28 ni 1.028, 30 ni 1.030, ndo hiyo hiyo pointi sifuri tatu! Nimeishika mkononi mwezi mzima.

842 gawanya kwa 1.03 ni 817. Tangi lilisema 815.

Wiki ya 6

Siku mbili sikusema kitu. Niliogopa. Mwanafunzi wa fildi amwambie meneja amemkata mtu mshahara kwa kosa la mizani, si ntarudi Morogoro bila sahihi. Dada wa maabara kaniambia, "Usiende na maneno, nenda na karatasi." Nikaenda kuprinti steshenari ya Ngamiani, ukurasa mmoja tu, kolamu tatu, hakuna jina la mtu hata mmoja. Wala sikuandika "wizi". Nikaandika *tofauti*.

Meneja kasoma kasimama. Kasoma tena kakaa. Akaita ndoo, akaita jagi la zamani lililokuwa linawekea sabuni, tukalisuuza, tukamimina lita kumi za maziwa kwa jagi mbele ya macho yake, ndoo tukaiweka kwenye mizani baada ya kufuta uzito wake. Namba nyekundu zikacheza cheza zikatulia. 10.3.

Kwa muda hakusema kitu. Afu: "Kwahiyo tumekuwa tunawalipa watu asilimia tatu ya hewa." Afu: "Umeona wewe, kawaeleze wewe. Jumatatu."

Nikamuuliza na mlinzi je. Akasema tuanze na la Jumatatu.

Nimeachiwa: Jumatatu.

Wiki ya 7

Kabla ya Jumatatu nilifanya kitu kimoja ambacho wiki ya pili nisingefanya, niliandika maswali kumi ambayo mi ningekuwa mfugaji ningeuliza, nikaenda nayo kwa meneja, nikamwambia nijibu sasa hivi nisije nikasema nadhani. La kwanza: tutadaiwa ya nyuma? Akasema hapana, kosa letu. Nikamwomba aandike, akaandika.

Saa kumi na mbili na robo nikapanda juu ya kreti. Mara moja tu nilijaribu kusema densiti, nikaona nyuso, nikaacha. Nikachukua jagi na ndoo nikafanya kama tulivyofanya ofisini, nikamwomba mama mmoja ambaye haniamini kabisa amimine yeye mwenyewe, mzani ausome yeye. Akasoma kwa sauti, kumi nukta tatu. Akaniuliza, "Kwahiyo mnatupunguzia?" Nikasema ndiyo mama, kuanzia tarehe moja kilo tunagawanya, lita inaandikwa lita. Hawakufurahi. Mmoja kasema mkikosea kwenu mnasahihisha upesi, tukionewa sisi mpaka tuandamane, na mi nilimwona yuko sahihi kwa kiasi fulani, sikubisha. Mwingine kaondoka na keni yake, kesho yake karudi.

Mzee wa Phoenix alikuwa nyuma. Alisubiri watu wapungue akasogea. "Nyumbani nina kopo langu," akasema, "mi nakuja na kumi na mbili, nyie mnaandika kumi na mbili na kitu. Nikamwambia mama watoto hii ni baraka, tusiulize."

Nilicheka, naye akacheka, ya kwanza toka wiki ya tatu.

Wiki ya 8

Nimeachiwa: kituo, Jumamosi na Jumapili, funguo zote nne. Tangi lilikataa kupooza Jumapili saa tano, nikampigia fundi kabla sijampigia meneja, afu nikampigia meneja nikamwambia fundi yuko njiani, digrii saa hizi ni sita, nitakupigia kila nusu saa. Nikapiga kila nusu saa. Ilikuwa nyaya tu.

Logibuku ina kisanduku *ujuzi uliopatikana*, mistari miwili. Nimeandika kupima ubora wa maziwa ghafi na kutunza kumbukumbu. Mengine hayakuenea.

Ijumaa nikampelekea meneja logibuku asaini. Chini yake niliweka karatasi nyingine, hesabu ya mlinzi, mwezi aliokatwa, kiasi gani, na ile tofauti ya lita za mwezi huo ikitolewa ya mizani inabaki ngapi. Zilibaki lita nne kwa mwezi mzima. Akasaini logibuku, akagonga mhuri. Ile karatasi akaikunja akaweka mfuko wa shati, hakusema kitu, na mi sikuuliza.

Dada wa maabara kanipa laktomita ya zamani iliyovunjika shingo, kasema kaiweke mezani chuoni.

Jumamosi nimo kwenye basi. Tumefika Segera watu wanashuka kununua machungwa, meseji ikaingia kutoka kwa mlinzi. Maneno matatu tu: "Imeingia nusu mdogowangu."

Nimemjibu nitampigia meneja Jumatatu saa tatu. Nimeandika kwenye karatasi, jina na namba.